Boti kuukuu za faiba: Mnunuzi, gonga ubao wa tezi kabla ya kuhesabu fedha

Na Mwandishi Wetu

BOTI ya faiba iliyotumika ni miongoni mwa bidhaa ambazo bei yake haisemi ukweli wote. Huwekwa juu ya magogo ufukweni, ikapakwa rangi mpya, ikaandikwa jina zuri ubavuni, na mwenye mali akataja bei inayoonekana kuwa ya kutupa. Mfanyabiashara mdogo aliyejikusanyia mtaji kwa ajili ya uvuvi, kubeba abiria au kutembeza watalii huiona bei hiyo kuwa bahati, naye hutoa arubuni siku hiyohiyo.

Katika biashara hii, hata hivyo, ipo sehemu moja ya boti ambayo ikiwa mbovu inaweza kubadili hesabu yote ya faida na hasara. Sehemu hiyo ni ubao wa tezi, yaani ule ukuta wa nyuma ambako mashine hufungwa. Mafundi wengine huuita transomu. Wiki hii ukurasa huu unaeleza ubao huo umetengenezwaje, kwa nini huoza, mnunuzi aupime vipi, ukarabati wake hufanywaje, na jambo kubwa kuliko yote, ni wakati gani ukarabati unalipa na wakati gani ni heri kuachana na boti hiyo.

Ubao usioonekana

Watu wengi hudhani kwamba boti ya faiba ni faiba tupu. Sivyo. Katika boti nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1990, na hata baadhi ya zilizofuata, ukuta wa nyuma ni mfano wa mkate uliojazwa nyama katikati. Nje kuna gamba la faiba, ndani kuna gamba jingine la faiba, na katikati kuna plaiwudi. Unene wote kwa boti za kufunga mashine ya kati huwa kama milimita 38 hadi 50.

Plaiwudi hiyo haikuwekwa pale kwa kujaza nafasi. Ndiyo inayobeba kazi. Mashine ya viharusi viwili yenye nguvu farasi 40 ina uzito wa kilo 70 hivi, na ya viharusi vinne yenye nguvu hizohizo hukaribia kilo 100. Uzito huo wote unaning'inia nje ya boti. Pangaboi linaposukuma maji, sehemu ya chini ya kifungio cha mashine hukandamiza ukuta kuelekea mbele, na bolti za juu huvutwa kuelekea nyuma. Boti inaporuka wimbi na kuanguka, mzigo huo huongezeka maradufu kwa muda mfupi, tena na tena, siku nzima.

Magamba mawili ya faiba yakiwa yameshikana barabara na ubao mzima katikati, ukuta huo ni imara sana. Ubao ukioza, magamba hubaki mawili mbalimbali, kila moja jembamba na lenye kupinda. Hapo ndipo mashine huanza kucheza, nyufa hutokea pembeni, na siku ya bahari mbaya mashine inaweza kung'oka pamoja na kipande cha ukuta. Boti iliyopoteza ukuta wake wa nyuma huingiza maji haraka sana, na kama kuna abiria, suala linakuwa si la mtaji tena bali la roho za watu.

Chanzo cha kuoza

Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao, na kinachoozesha ni kuvu. Kuvu huhitaji hewa, joto na unyevu. Mbao ikiwa na unyevu ulio chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kwa kawaida kuvu haistawi. Ikivuka hapo na kukaa hivyo kwa muda mrefu, kuoza huanza. Joto la pwani yetu hutosha mwaka mzima, kwa hiyo kinachobaki kuzuiwa ni maji.

Maji huingilia wapi? Huingilia kwenye matundu ya bolti za mashine ambayo hayakuzibwa vizuri. Kwenye skrubu za ngazi, pampu au kifaa cha kupimia kina. Kwenye tundu la kutolea maji ya ngama. Na kwenye ukingo wa juu wa ukuta ambako faiba imepasuka kwa kugongwa au kwa uzito wa mashine. Tundu moja la skrubu lisilo na silanti linatosha. Maji yakishaingia katikati ya magamba mawili hayana pa kutokea, nayo plaiwudi huyanywa kidogo kidogo kupitia tabaka zake.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba maji ya mvua ni adui mkubwa kuliko maji ya bahari. Chumvi hupunguza nguvu ya kuvu inayoozesha mbao, lakini maji baridi hayana kizuizi hicho. Boti iliyolala ufukweni miaka miwili bila kifuniko, ikijaa maji ya masika na ya vuli, inaweza kuwa mbovu kuliko ile inayofanya kazi baharini kila siku. Mnunuzi anayeambiwa kwamba boti "haijatumika sana" aulize basi ilikuwa imehifadhiwa wapi.

Vipimo vya mnunuzi

Vipimo vingi havihitaji mtaalamu. Vinahitaji nusu saa na moyo wa kutoharakishwa na muuzaji.

Kwanza, tazama. Angalia pembe ambapo ukuta wa nyuma unakutana na mbavu za boti na sakafu. Nyufa zinazotoka pembeni kama miguu ya kuku ni dalili ya ukuta unaopinda. Angalia washa za bolti: zikiwa zimezama ndani ya faiba, ubao ulio nyuma yake umelegea. Michirizi ya maji ya kahawia inayotoka kwenye tundu la skrubu ni ushahidi mkubwa. Rangi mpya iliyopakwa ukuta wa nyuma peke yake, au bamba la bati lililofungwa ndani na nje bila maelezo, nalo lataka kuulizwa.

Pili, gonga. Chukua nyundo ndogo ya plastiki au mpini wa bisibisi, ugonge ukuta wote kwa mistari, kutoka juu kwenda chini. Ubao mzima hutoa sauti kavu na kali. Ubao uliooza au ulioachana na faiba hutoa sauti nzito, kama ya kugonga boksi lenye nguo. Sehemu ya chini karibu na tundu la kutolea maji ndiyo ya kugongwa kwa makini zaidi, kwa kuwa maji hushuka huko.

Tatu, tikisa. Mashine ikiwa imefungwa, shika sehemu yake ya chini karibu na pangaboi, uinyanyue na kuishusha kwa nguvu huku mwenzako akitazama ukuta. Mashine ikicheza na ukuta ukatulia, huenda ni bolti tu. Ukuta wenyewe ukicheza, hiyo ni habari nyingine.

Nne, toboa, lakini kwa idhini ya mwenye mali. Tumia keekee ya milimita 5 au 6 kwa upande wa ndani, sehemu tatu au nne za chini, ukiwa umefunga utepe kwenye keekee ili usitoboe gamba la nje. Chembe zinazotoka zikiwa kavu na nyeupe au nyekundu ya mbao safi, ni vizuri. Zikitoka nyeusi, zenye maji na harufu ya uvundo, umepata jibu. Matundu hayo yazibwe kwa epoksi siku hiyohiyo, la sivyo mpimaji mwenyewe atakuwa ameleta ugonjwa.

Muuzaji anayekataa kipimo cha nne ana haki yake. Mnunuzi naye ana haki ya kuihesabu boti hiyo kuwa imeoza na kutaja bei inayolingana na hesabu hiyo.

Vipo pia vifaa vya kupima unyevu. Vinasaidia, ila vinaweza kudanganywa na chumvi, maji ya juu juu au rangi yenye madini. Visichukue nafasi ya nyundo na keekee.

Hesabu ya Bwana A na Bwana B

Tuchukue mfano wa hesabu. Tarakimu hizi ni za kueleza njia tu. Kila mtu aweke bei za mahali pake na za wiki yake.

Boti mbili zenye urefu wa mita 6 zinauzwa bila mashine. Ya kwanza ni nzima, bei Sh. 9,000,000/=. Ya pili inafanana nayo lakini ubao wa tezi umeoza, bei Sh. 6,000,000/=. Bwana A ananunua ya kwanza. Bwana B ananunua ya pili, akijihesabu kuwa ameokoa Sh. 3,000,000/=.

Sasa tufuate fedha za Bwana B. Vifaa vya ukarabati tuseme Sh. 1,800,000/=. Ufundi Sh. 900,000/=. Kuipandisha boti, magogo na banda Sh. 200,000/=. Jumla ya fedha taslimu ni Sh. 2,900,000/=. Hadi hapa bado anaonekana kuwa mbele kwa Sh. 100,000/=.

Lakini kazi imechukua siku 21. Katika siku hizo Bwana A yuko baharini, na tuseme kila siku inamwingizia Sh. 60,000/= baada ya mafuta na posho za mabaharia. Bwana B amekosa Sh. 1,260,000/=. Fedha hizo hazikutoka mfukoni mwake, ndiyo maana wengi hawaziandiki daftarini. Hata hivyo ni hasara halisi, kwani mtaji wake ulikuwa umelala. Gharama kamili ya ukarabati ni Sh. 4,160,000/=, na boti yake ya "rahisi" imemgharimu Sh. 10,160,000/=.

Je, bei ya haki ilikuwa ngapi? Toa Sh. 4,160,000/= kwenye Sh. 9,000,000/=, zinabaki Sh. 4,840,000/=. Na kwa kuwa boti iliyofunguliwa mara nyingi hufichua maradhi mengine, toa akiba ya dharura, tuseme asilimia 20 ya gharama taslimu, ambayo ni Sh. 580,000/=. Bwana B hakupaswa kutoa zaidi ya Sh. 4,260,000/=. Kwa bei hiyo angekuwa amefanya biashara. Kwa Sh. 6,000,000/= amemfanyia biashara muuzaji.

Maradhi mengine yenyewe ni yapi? Ni mihimili ya chini ya sakafu inayokwenda urefu wa boti, ambayo katika boti nyingi za zamani nayo ni mbao zilizofunikwa faiba na zimeungana na ubao wa tezi. Maji yaliyooza tezi mara nyingi yameifikia. Kuna pia povu lililojazwa chini ya sakafu, ambalo likinywa maji huongeza uzito wa boti na kula mafuta. Kama gonga yako inaonyesha kwamba sakafu, mihimili na tezi vyote vimelegea, hesabu ya hapo juu haifai tena. Hiyo ni boti ya kujengwa upya.

Njia za ukarabati

Ziko njia kuu tatu, na moja ya hadaa.

Njia ya kwanza ni kufungua kwa ndani. Gamba la ndani hukatwa, ubao mbovu hutolewa, mpya huwekwa, kisha hufunikwa kwa faiba mpya. Gamba la nje hubaki mahali pake na kushika umbo la boti, na sura ya nje haiharibiki. Kwa boti za kazi ambazo nyuma ni wazi, njia hii ndiyo inayofaa zaidi.

Njia ya pili ni kufungua kwa nje. Hutumika pale ambapo ndani kumejengwa sana na hakufikiki. Kazi ya kukata ni nyepesi, lakini kuunga upya gamba la nje na kulirudishia sura yake huchukua muda.

Njia ya tatu ni kutoa ubao kupitia ukingo wa juu bila kuondoa magamba, kisha kumimina mchanganyiko maalumu wa resini unaoganda katikati. Ni ya haraka, lakini vifaa vyake ni vya gharama, si rahisi kupatikana huku kwetu, na kama mbao iliyooza imebaki pembeni, kazi yote imeharibika.

Njia ya hadaa ni ile ya kutoboa matundu mengi na kumimina resini ndani ya ubao uliooza na wenye maji. Resini haishiki kwenye mbao mbichi. Hufanya matundu yakae magumu na kati ya matundu kukabaki uozo. Hiyo ni dawa ya kuuzia boti. Anayekusudia kuendelea kuimiliki asiifuate.

Hatua kwa hatua

Mwenye boti si lazima ashike grainda, lakini akizijua hatua hatadanganywa na fundi. Hizi ni za kufungua kwa ndani.

Ondoa mashine na vyote vilivyofungwa ukutani. Iweke boti sawasawa juu ya magogo, ikiwa imeegemezwa urefu wote ili isipinde itakapopunguziwa nguvu nyuma. Kabla ya kukata chochote, pima kimo cha ukuta katikati na unene wake, uandike. Mashine za shingo fupi hutaka ukuta wa inchi 15, za shingo ndefu inchi 20, na ndefu zaidi inchi 25. Ukikosea kimo, pangaboi litanyonya hewa au litazama mno. Chora umbo la ukuta kwenye kadibodi.

Kata gamba la ndani ukiacha ukingo wa sentimita 5 hadi 8 pande zote, kina cha msumeno kikiwa kimewekwa ili kisiguse gamba la nje. Toa ubao wote kwa patasi, na si sehemu iliyooza peke yake, kwani kiraka cha mbao mpya kikiungwa na mbao yenye kuvu ni kuhamisha tatizo. Kisha acha pakauke kabisa chini ya banda.

Saga faiba ya zamani mpaka ing'ae na iwe kavu, ukiichonga kwa mteremko pale faiba mpya itakaposhika. Kanuni inayotumiwa na wajenzi ni kumi na mbili kwa moja: gamba la milimita 5 litake mteremko wa milimita 60. Nguvu ya kiungo hutegemea upana huo. Vumbi la faiba ni hatari kwa mapafu na macho, kwa hiyo barakoa ya kufaa na miwani ni sehemu ya gharama za kazi.

Pima ubao mpya ukiwa mkavu kabla ya gundi. Uzungushe pembe zake, kwa kuwa kitambaa cha faiba hakikunjiki kwenye pembe kali. Huacha mfuko wa hewa. Paka resini nyepesi kwenye mbao na kwenye faiba, kisha resini iliyokolezwa kwa unga wake hadi iwe kama siagi. Bana kwa bolti na mbao za kusaidia kiasi cha kuifanya resini ichungulie pande zote. Epoksi haitaki kubanwa kwa nguvu nyingi, kwani itakimbia yote na kiungo kubaki kikavu.

Jaza pembe zote kwa resini nzito iliyolainishwa kwa mviringo, halafu ufunike kwa tabaka za faiba, kila tabaka ikiwa pana kuliko iliyotangulia na ikishika mbavuni na sakafuni. Tabaka za pembeni ndizo zinazougawa mzigo wa mashine kwa boti nzima.

Mwisho ni matundu, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibiwa. Kwa bolti ya milimita 12, toboa tundu la milimita 18 au 20, ulijaze epoksi nzito, likigande utoboe tena milimita 12 katikati. Hivyo bolti inapita ndani ya epoksi na haigusi mbao. Hata silanti ikichoka, maji hayaingii kwenye plaiwudi. Fanya vivyo hivyo kwa tundu la kutolea maji na kwa kila skrubu.

Vifaa na vipimo vyake

Kwa ukuta wenye upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 0.6, plaiwudi moja ya milimita 18 yenye vipimo vya kawaida vya mita 2.44 kwa 1.22 hutoa vipande viwili, na nafasi ya msumeno hubaki. Vipande hivyo vikigundishwa hutoa milimita 36, na pamoja na magamba mawili unafikia milimita 42 hadi 46.

Plaiwudi iwe ya majini. Kiwango kinachojulikana ni BS 1088, lakini mhuri si uthibitisho wa kutosha. Tazama ukingo uliokatwa: pasiwe na mapengo kati ya tabaka. Chukua kipande kidogo, ukichemshe saa kadhaa. Kikiachana, kirudishe dukani. Ifahamike pia kwamba plaiwudi ya majini huwa na gundi isiyoyeyuka, lakini mbao zake zaweza kuoza kama nyingine zikipata maji. Kinga ni kuziba.

Kuhusu resini, poliesta ni nafuu na imezoeleka. Epoksi bei yake iko juu, lakini hushika mbao na faiba ya zamani kwa nguvu zaidi. Mwenye mtaji mdogo atumie angalau epoksi kwa kugundisha na kuziba matundu. Akumbuke kwamba epoksi hushika juu ya poliesta, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Kwa hiyo ukianza na epoksi, malizia nayo. Tena mkeka wa kawaida wa faiba umeshikizwa kwa gundi inayoyeyushwa na poliesta. Kwa epoksi tumia kitambaa kilichofumwa au kushonwa.

Kwa mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba, poliesta inayohitajika ni mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mkeka. Ukuta wetu una mita ya mraba 1.08. Tabaka tano ni mita 5.4, sawa na kilo 2.4 za mkeka na kilo 5 hadi 6 za resini. Weka kiasi kama hicho tena kwa pembe, gundi na upotevu. Fundi anayekuletea orodha yenye mara nne ya hapo aeleze sababu.

Poliesta hugandishwa kwa hadina ya asilimia 1 hadi 2, na fundi anaweza kuipunguza kukiwa na joto. Epoksi haina ruhusa hiyo. Kipimo chake kilichoandikwa koponi kifuatwe bila kubadilishwa. Hadina ya poliesta huweza kupofusha macho, na kamwe isichanganywe moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti, kwani hulipuka. Resini nyingi ikikaa kwenye ndoo hupata moto hadi kutoa moshi, hivyo ichanganywe kidogo kidogo, na ikiwezekana asubuhi.

Wakati wa kufanya kazi

Msimu nao una bei. Miezi ya Juni hadi Agosti, kusi linapovuma kwa nguvu, boti nyingi ndogo hupunguza safari. Kipindi hicho pia ni cha baridi kidogo na mvua chache kuliko masika. Siku 21 za kukaa nchi kavu mwezi Julai hugharimu kidogo kuliko siku 21 za Januari, na resini nayo humpa fundi muda wa kutosha. Mwenye boti anayejua kwamba tezi yake imeanza kulegea apange fedha mapema ili kazi iangukie hapo, badala ya kungoja ivunjike katikati ya msimu wa mavuno.

Patana na fundi kwa maandishi, na malipo yagawanywe: sehemu ubao mbovu ukishatolewa wote, sehemu ubao mpya ukishagundishwa, na iliyobaki baada ya majaribio baharini. Malipo ya pili yasitoke kabla mwenye mali hajauona kwa macho ubao mpya ukiwa bado haujafunikwa. Ukishafunikwa, fundi mwema na fundi mlaghai kazi zao hufanana kwa mwaka wa kwanza.

Usiifunge mashine haraka. Epoksi huonekana ngumu baada ya siku moja, lakini huendelea kukomaa kwa muda wa wiki hivi. Mashine ya kilo 100 isubiri.

Bima na ukaguzi

Bima za vyombo vya majini kwa kawaida hazilipi hasara inayotokana na uchakavu na kuoza. Anayetegemea kwamba mashine ikianguka atalipwa asome mkataba wake kabla. Kwa upande wa usalama, vyombo vidogo hukaguliwa na TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar na KMA kwa Kenya. Cheti cha ukaguzi ni muhimu kwa anayebeba abiria, lakini mnunuzi asikichukue kuwa mbadala wa nyundo yake mwenyewe.

Mwisho, mwenye boti aweke daftari la uchakavu. Tuseme ukarabati wa kiraka ni Sh. 1,200,000/= na unadumu miaka miwili: huo ni Sh. 600,000/= kwa mwaka. Ukarabati kamili wa Sh. 2,900,000/= ukidumu miaka kumi ni Sh. 290,000/= kwa mwaka, bila kuhesabu siku zitakazopotea kila kiraka kinaporudiwa. Akitenga Sh. 25,000/= kila mwezi, miaka kumi ikitimia atakuwa na Sh. 3,000,000/= mkononi, na ukarabati unaofuata hautamfanya akope.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye boti ya faiba, ufa huo ni tundu la skrubu lisilo na silanti, na ukuta ndio huo unaobeba mashine yake. Silanti ya kuziba tundu hilo hununuliwa kwa fedha ya siku moja ya kazi, na mnunuzi anayegonga kabla ya kulipa hahitaji hata hiyo.